Eksteno Ikae, Mafaili Yatembee: Kuunganisha Diski ya Nje na Kompyuta ya Nyumbani kwa Waifai

Eksteno yangu, yaani diski ya nje ya kompyuta, ilianguka kutoka juu ya meza ya kulia chakula, kimo kisichofika hata mita moja. Mtoto alikuwa anakimbilia mlangoni, mguu ukanasa kwenye waya uliotoka kwenye laptopu kwenda kwenye eksteno, na diski ya terabaiti moja ikapiga sakafu ya saruji ikiwa bado inazunguka. Nikaiokota, nikaichomeka tena. Tik, tik, tik, kimya, halafu tena tik, tik, tik. Ndani yake kulikuwa na sendofu nzima ya binti mmoja wa Ilemela, niliyoirekodi siku nne kabla, na kadi za kamera nilikuwa nimeshazifuta.

Kesho yake nikampigia baba wa binti.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba mwanangu. Video imeiva?"

Nikamweleza. Alinyamaza kwa muda, kisha akauliza jambo moja tu: "Na yale maneno ya bibi yake nayo yamekwenda?"

Yalikuwa yamekwenda.

Diski ya kawaida ina sahani zinazozunguka, nyingi kati ya hizi ndogo za kubebeka kwa kasi ya mizunguko 5,400 kwa dakika, na kichwa cha kusomea kinaelea juu ya sahani kwa nafasi nyembamba kuliko unywele mara maelfu. Ikitikiswa wakati inafanya kazi, kichwa kinagusa sahani na kukwangua. Ndiyo maana nimeandika mwongozo huu. Hapa kwangu Nyamanoro, Mwanza, eksteno haikai tena mezani wala haibebwi kutoka chumba hadi chumba. Imewekwa juu ya kabati, haiguswi na mtu, na mafaili ndiyo yanayosafiri kwa waifai. Vifaa vinavyohitajika huenda unavyo tayari.

Bando halihusiki

Niondoe kwanza hofu ninayokutana nayo karibu kila nyumba. Waifai na intaneti ni vitu viwili. Laptopu inapovuta video kutoka kwenye diski iliyo chumba cha pili, safari yote inaishia ndani ya nyumba; ruta inafanya kazi ya njia panda tu, na hakuna hata megabaiti moja inayotoka nje kwenda kwa kampuni ya simu.

Mama yangu alipokuja kutoka Ukerewe alitaka kuona picha za harusi ya mdogo wangu kwenye televisheni ya sebuleni. Zilipopita kama mia hivi akanigeukia: "Mwanangu, si unamaliza bando lako kwa ajili yangu?" Nikachomoa laini kwenye ruta mbele yake, nikaiweka kiganjani mwake. "Shika mama, laini hiyo hapo." Picha zikaendelea kupita.

Nawe jaribu hivyo ukishamaliza kuunganisha. Ukiona kazi inaendelea bila laini, utafanya mambo yako kwa amani.

Njia zipo ngapi?

Njia ya kwanza ni ruta yenye tundu la USB mgongoni au ubavuni. Unachomeka diski pale, ruta inaigawa kwa nyumba nzima. Njia ya pili ni laptopu ya zamani iliyowekwa pembeni, ile ambayo labda kioo chake kimepasuka au vitufe vimekufa; diski inachomekwa humo na yenyewe inakuwa seva ya nyumba. Ya tatu ni kununua diski yenye waifai yake ndani, au kasha maalumu la kuhifadhia mafaili linalochomekwa kwenye ruta. Hiyo ya tatu ni nzuri kwa mwenye fedha, na kasha huja na maelekezo yake, kwa hiyo sitaiongelea zaidi.

Mimi nimetumia zote mbili za mwanzo, na kwa mazingira yetu naipa kura laptopu ya zamani. Sababu kubwa ni betri. Umeme ukikatika wakati faili linaandikwa, ruta na diski yake vinazimika papo hapo, na faili linabaki nusu. Mara nyingine orodha nzima ya mafaili inavurugika. Laptopu ambayo betri yake inaweza kushika hata dakika ishirini inabaki hai, inafunga faili ilikofikia, na diski inayokula umeme kwenye USB haijui hata kama taa zimezimika. Ila diski ile kubwa yenye adapta yake ya ukutani hainufaiki na jambo hili, maana umeme wake hautoki kwenye laptopu.

Andaa diski

Kagua mfumo ambao diski imefomatiwa. Kwenye Windows bofya diski kwa kitufe cha kulia, fungua "Properties", soma palipoandikwa "File system". Ukikuta FAT32, jua kwamba haitakubali faili moja linalofikia GB 4, na video ya saa moja ya kamera ya leo inapita hapo kirahisi. NTFS ndiyo ninayoipendekeza: Windows inaisoma na kuiandika, na ruta nyingi zenye USB zinaielewa. exFAT ni nzuri kwa kuhama kati ya Mac na Windows kwa waya, ila zipo ruta zisizoitambua kabisa.

Kubadili mfumo ni kufomati, na kufomati ni kufuta kila kitu. Hamishia mafaili pengine kwanza, hakikisha yanafunguka huko, ndipo ufomati. Nasema "yanafunguka" kwa makusudi. Usiridhike na kuona jina la faili tu. Lifungue, lipeleke mbele hadi katikati, litazame.

Kisha tengeneza folda moja ndani ya diski, uipe jina fupi lisilo na nafasi. Langu linaitwa MAKTABA.

Ukitumia ruta yenye USB

Chomeka diski, subiri dakika moja. Kama inatoa ule mlio wa tik tik au taa yake inawaka na kuzima, huenda umeme hautoshi: tundu la USB 2.0 kwa kawaida hutoa miliampea 500, na la USB 3.0 hutoa 900, wakati diski ya sahani inahitaji nguvu zaidi pale inapoanza kuzunguka. Dawa ni USB habu (kigawanyio cha matundu ya USB) yenye adapta yake, ikae kati ya ruta na diski.

Fungua kivinjari kwenye kompyuta iliyounganishwa na ruta hiyo, andika anwani iliyoandikwa kwenye kibandiko chini ya ruta. Mara nyingi ni 192.168.1.1 au 192.168.0.1. Ingia kwa nywila ya msimamizi, na kama bado ni ile iliyokuja na ruta, ibadilishe sasa hivi kabla ya kuendelea. Tafuta sehemu ya "USB" au "Storage", washa kugawana mafaili, mara nyingi panaandikwa "Samba" au "File Sharing". Weka jina la mtumiaji na nywila ya kufungulia diski. Ukiona "FTP" na "Remote Access" au maneno yanayofanana na hayo, viache vimezimwa. Hivyo ni vya kufungulia mlango wa nje, na picha za familia hazina sababu ya kukaa barazani.

Ukitumia laptopu ya zamani

Hapa nitakwenda taratibu, maana ndipo watu wengi wanapokwama. Maelezo ni ya Windows 10 na 11.

1. Izuie isilale. Fungua mipangilio ya umeme, weka "Sleep" iwe "Never" ikiwa kwenye chaji. Kisha tafuta "Choose what closing the lid does" na uchague "Do nothing", ili uweze kufunga kioo na kuiweka juu ya kabati bila kuzimika. Iweke mahali pa wazi penye hewa, si katikati ya mashuka.

2. Iambie kwamba hapo ni nyumbani. Kwenye mipangilio ya mtandao, fungua waifai uliyounganisha na uchague "Private". Ikibaki "Public", Windows inajificha isionekane na kompyuta nyingine.

3. Tengeneza mtumiaji wa pekee kwa kazi hii. Mimi nilimwita nyumbani. Mpe nywila ya maneno kamili. PIN ya tarakimu nne unayotumia kufungulia kioo haifanyi kazi kupitia mtandao, na mtumiaji asiye na nywila Windows inamkatalia asiingie kutoka kompyuta nyingine. Jambo hili moja limenipotezea jioni mbili nzima. Kila nikiandika, kioo kinajibu "nywila si sahihi, nywila si sahihi", na kumbe nilikuwa naingiza PIN.

4. Gawa folda. Bofya MAKTABA kwa kitufe cha kulia, "Properties", kisha "Sharing", kisha kitufe cha "Share". Mchague nyumbani, mpe "Read/Write", maliza. Usimweke "Everyone". Wageni wakija na kuomba waifai, hutaki simu zao zifike kwenye mafaili yako.

5. Pata anwani. Fungua Command Prompt, andika ipconfig, bonyeza Enter, soma mstari wa "IPv4 Address". Tuseme ni 192.168.1.20. Tatizo ni kwamba ruta inaweza kuibadilisha kesho umeme ukirudi. Ingia kwenye mipangilio ya ruta, sehemu ya "DHCP", utafute pa kuitengea laptopu hiyo anwani isiyobadilika.

Laptopu hiyo ikiwezekana iunganishe na ruta kwa waya wa LAN, yaani waya wa mtandao. Nitaeleza sababu hapo chini, na ni sababu nzito.

Kwenye kompyuta unayofanyia kazi

Fungua folda la njano (File Explorer), nenda "This PC", bofya nukta tatu zilizo juu na uchague "Map network drive". Kwenye Windows 10 ipo kwenye kichupo cha "Computer". Chagua herufi, mimi hutumia Z. Kwenye nafasi ya folda andika:

\\192.168.1.20\MAKTABA

Mikwaju hiyo inainamia nyuma, na kibodi nyingi huiweka juu ya Enter. Weka tiki kwenye "Reconnect at sign-in" ili isikusumbue kila asubuhi, na kwenye "Connect using different credentials", kisha andika nyumbani na nywila yake. Ikikataa, tanguliza jina la laptopu ile ya zamani, mkwaju, halafu nyumbani. Kwa waliochomeka diski kwenye ruta, anwani ni ile ya ruta yenyewe.

Wenye Mac: ukiwa kwenye Finder bonyeza Command na K, andika smb://192.168.1.20/MAKTABA. Kwenye iPhone, programu ya Files ina uwezo huo tangu iOS 13. Bofya nukta tatu, "Connect to Server". Android tafuta programu ya mafaili inayosoma SMB, yaani lugha ambayo Windows hugawana mafaili nayo.

Anza na faili moja la GB 1. Likopi kwenda, likopi kurudi, lifungue. Likicheza vizuri mpaka mwisho, umefika.

Mawe, mabati na simtanki

Sasa mwendo. Boksi la ruta limeandikwa 300 Mbps na watu wanategemea miujiza. Hizo ni megabiti. Gawanya kwa 8 upate megabaiti 37.5, na hapo ni hesabu ya karatasi. Nyumbani utashukuru ukipata nusu yake.

Jiji letu ni la mawe, na waifai haipendi mawe. Chumba changu cha kazi kiko uani, na kati yake na sebule kuna jiwe kubwa kama daladala ambalo mwenye nyumba alilizunguka tu alipojenga. Mwanzoni ruta ilikuwa sebuleni nyuma ya televisheni, laptopu ya zamani ikiwa hewani na mimi nikiwa hewani. Kadi ya GB 64 niliianza saa mbili usiku ikaja kumaliza karibu saa nane. Hiyo ni megabaiti 3 kwa sekunde.

Makosa yalikuwa mawili. La kwanza, kompyuta zote mbili zikiwa kwenye waifai, kila kipande cha faili kinapita hewani mara mbili: kutoka kwangu kwenda kwenye ruta, kisha kutoka ruta kwenda kwenye laptopu ya diski. Hewa ni moja, zamu ni mbili, mwendo unashuka karibu nusu. Laptopu ya diski ikiwa na waya wa LAN, zamu inabaki moja. La pili lilikuwa mahali pa ruta. Niliihamishia juu ya dirisha linalotazama uani, ikalipita jiwe kwa ubavuni. Baada ya hayo mawili kadi ileile ikachukua kama saa moja na dakika arobaini, megabaiti 11 kwa sekunde. Na haikupanda zaidi ya hapo, kwa sababu matundu ya LAN ya ruta nyingi za bei nafuu yanaishia 100 Mbps, ambayo ukigawanya na kuondoa gharama za njiani ni hizohizo 11. Ukiwa unanunua ruta mpya, uliza kama LAN yake ni ya gigabiti.

Angalia na vitu vingine vinavyosimama njiani. Bati linarudisha mawimbi. Simtanki lililojaa maji linayameza. Kuna nyumba moja kule Mabatini niliyoenda kusaidia, na mtandao ulikuwa mzuri asubuhi tanki likiwa tupu na mbaya jioni likishajazwa. Friji nayo ni sanduku la chuma. Ruta ikae juu, peupe, katikati ya nyumba kadiri inavyowezekana.

Ruta yako ikiwa na mawimbi mawili, tumia la GHz 5 ukiwa chumba kimoja nayo au jirani, maana lina mwendo. La GHz 2.4 ni la polepole zaidi lakini linapenya kuta vizuri. Maeneo yenye nyumba zilizobanana kama Igogo au Kirumba, 2.4 inajaa ruta za majirani. Iweke kwenye chaneli 1, 6 au 11, ile utakayoiona ina watu wachache, kwa sababu hizo tatu haziingiliani.

Jambo moja zaidi kwa wanaoediti video: usiediti moja kwa moja kutoka Z. Vuta kazi ya leo kwenye laptopu, ifanye, kisha irudishe. Picha, muziki, filamu na nyaraka zinafunguka vizuri zikiwa hukohuko.

Ikigoma

Kompyuta haioni kabisa upande wa pili: hakikisha zote ziko kwenye waifai moja, na usiwe kwenye ile ya wageni. Waifai ya wageni hutengenezwa ili vifaa visionane. Baadhi ya ruta za 4G zina kitu kinachoitwa "AP Isolation" hata kwenye waifai kuu, kizime.

Windows inasema kifaa kinatumia SMB1: ruta yako ni ya zamani na inaongea lugha ambayo Microsoft iliacha kuiweka kwenye Windows kuanzia toleo la 1709, Oktoba 2017. Miezi michache kabla, Mei mwaka huohuo, kirusi cha WannaCry kilisambaa duniani kwa kupitia udhaifu wa SMB1, kikafunga mafaili ya watu na kudai fedha. Utakutana na ushauri wa kuiwasha tena. Usiiwashe. Sasisha programu ya ruta, na kama haina sasisho hamia kwenye njia ya laptopu.

Inaonekana lakini haikubali kuandika: rudi hatua ya 4, uangalie kama ulitoa "Read/Write" au "Read" peke yake.

Na ukitaka kuichomoa diski, kwa ruta ingia kwenye mipangilio yake ubofye kuiondoa salama, kwa laptopu tumia "Eject". Usivute tu waya.

Nakala ya pili

Eksteno iliyo juu ya kabati imepona na miguu ya watoto. Haijapona na radi, wizi wala uzee wake yenyewe. Na kwa kuwa sasa imeunganishwa na nyumba nzima, mtu akifuta folda kwa bahati mbaya kwenye Z limefutika moja kwa moja, kwa sababu kupitia mtandao haliendi kwenye pipa la takataka la kompyuta yako.

Kwa hiyo nina eksteno nyingine mbili za nakala, zinazopokezana. Kila Jumamosi jioni nachomeka moja kwenye laptopu ya zamani kwa waya, nafungua Command Prompt, naandika robocopy E:\MAKTABA F:\MAKTABA /E, E ikiwa diski ya kwanza na F ya nakala. Amri hiyo inachukua mafaili mapya na yaliyobadilika tu, na haifuti chochote upande wa pili. Wiki ya kawaida inamaliza kabla chai haijapoa. Kisha naifunga kwenye kitambaa, naitia kwenye kopo la plastiki, na Jumapili tukipita Buswelu kwa dada yangu namwachia, nachukua ile ya wiki iliyopita. Kadi za kamera sizifuti mpaka kopo liwe limefika kwake.